Daftari la Mipasuko

Nipe nguo iliyochanika, nami nitakwambia aliyeivaa alikuwa akifanya nini. Sijisifu, wala sitii chumvi. Miaka kumi na tisa nimekaa nyuma ya cherehani moja katika karakana inayoshona na kutengeneza sare za polisi wa jiji letu. Mtu akitazama kitu kimoja miaka kumi na tisa asijifunze chochote, huyo ana lake jambo.

Shati lililoliwa kwenye kiwiko ni la askari wa mezani. Suruali iliyochakaa makalioni ni ya mpanda baiskeli. Mfuko uliong'oka pembeni ni wa yule anayejaza humo simu, kalamu, funguo na karanga. Hiyo ni mipasuko ya kazi. Halafu iko mingine. Ukosi uliovutwa kwa mbele mpaka kifungo kikaondoka na kipande cha kitambaa. Bega lililoachia mshono kwa sababu mwenye bega alikuwa akishusha rungu kwa nguvu zake zote. Goti lililosagika kwa kuburuzana chini. Hiyo mimi naiita mipasuko ya shari.

Hakuna aliyenituma, lakini nilikuwa nikiiandika yote kwenye daftari la shule lenye jalada la kijani. Nilichora safu mbili, moja Kazi, moja Shari, na pembeni jina la kituo nguo ilikotoka. Mzee wetu wa pasi, ambaye hana dogo, alinibatiza Mama Daftari, na karakana nzima ikalidaka jina.

Jiji letu lina vituo tisa vya polisi. Vituo sita walivaa shati la samawati la mikono mifupi, kofia laini na filimbi. Vitatu, vile vya sehemu zenye fujo, walivaa gwanda jeusi lenye mabega na magoti yaliyoshindiliwa sponji ngumu, na juu yake kofia ngumu yenye kioo cha kufunika uso. Nilipojumlisha mwaka mzima wa daftari langu, nilikodoa macho. Katika kila magwanda mia yaliyoletwa kutengenezwa, sitini na tatu yalikuwa ya shari. Katika mashati mia, saba.

Nilivimba kichwa, si kidogo. Nikampelekea mzee wa pasi daftari palepale kwenye meza yake yenye mvuke.

"Unaona, mzee? Hili gwanda ndilo linalotafuta ugomvi."

Alisoma huku pasi imesimama wima, kisha akanirudishia.

"Mama Daftari, mtu anavaa koti la mvua kwa sababu mvua inanyesha. Wewe unaniambia mvua inanyesha kwa sababu ya koti. Magwanda wanapewa wa penye fujo! Sasa ulitaka yachanike kwa kunywa chai?"

Nilimnunia siku mbili. Kilichonikera hasa ni kwamba alikuwa amesema kweli. Ningejuaje kipi kimemleta mwenzake? Ingebidi mtu awavishe wa penye fujo mashati, na wa penye utulivu magwanda, kisha akae atazame, na hakuna mkubwa mwenye akili timamu angefanya hivyo. Mimi mwenyewe nisingethubutu, kwa sababu binti yangu wa pekee ni konstebo katika Kituo cha Soko Kuu, na Soko Kuu walivaa gwanda. Sponji ya mabega yake niliishindilia kwa mkono wangu, nikaongeza na ya ziada ambayo haikuwa kwenye vipimo.

Basi, nililoogopa kulifanya kwa makusudi nikalifanya kwa uzembe.

Kila mwaka kila kituo hupata sare mpya. Karani hutuletea karatasi yenye namba na vipimo vya kila askari, lakini aina ya nguo hatusomi kwa maandishi, maana rangi huonekana haraka kuliko wino. Tunabandika kwa pini kipande cha kitambaa juu ya karatasi. Cha samawati, tunakata mashati. Cheusi, tunakata magwanda. Mwaka huo karatasi ya Soko Kuu na ile ya Kituo cha Bustanini zililetwa pamoja. Bustanini ndicho kituo cha utulivu kuliko vyote, na vyote viwili vina askari ishirini na wawili. Juu kabisa, chini ya kile kitambaa, karani alikuwa ameandika idadi ya nguo zilizorudishwa mwaka uliopita, na mimi na umbeya wangu wa takwimu nikazing'oa pini nipate kunakili. Mzee wa pasi akaita kwamba chai inapoa. Nikavibandika tena vitambaa huku nikimjibu utani wake, cheusi kikaenda Bustanini na cha samawati Soko Kuu.

Mafundi watano tulishona wiki sita, na hakuna aliyegundua, kwa kuwa hakuna aliyesoma jina la kituo, sote tulifuata kitambaa. Siku ya kugawa, gari hushusha kituoni mabunda mapya yaliyofungwa na kuzoa sare kuukuu. Kufikia saa nne kuukuu zote zimeshakatwa matambara, asije mwizi akazivaa. Kwa hiyo mabunda yalipofunguliwa, hakukuwa na nguo ya kurudia.

Jioni ile binti yangu aliingia nyumbani amevaa shati la samawati. Nilikuwa nimeshika sufuria. Niliiweka chini.

"Mama, nani amelikata shati hili?"

"Mimi."

"Limenikaa kama nilizaliwa nalo. Ndipo nikajua ni mama yangu mwenyewe aliyeniuza." Alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Wenzangu wanauliza kama umetupangia kifo."

Kofia ngumu hufungwa kwenye ukosi wa gwanda, na shati halina pa kuifungia, kwa hiyo hata kofia zilikuwa zimebaki kabatini. Mwanangu angeshinda sokoni, katikati ya wachukuzi na watoza ushuru wanaopigana kila baada ya siku tatu, akiwa na kitambaa chembamba ambacho nikikishika kwenye mwanga naona vidole vyangu.

Kesho yake afande wa stoo, mkubwa wetu, aliniita. Nilimweleza yote, na pini na chai. Alitazama kalenda ukutani.

"Kuyashona upya ni wiki ngapi?"

"Nne, afande. Kubadilishana haiwezekani, vipimo vyao havilingani."

"Fanya tatu. Na lile daftari lako la mambo yasiyokuhusu, ulifunge."

Nilishona tangu mlango unapofunguliwa mpaka unapofungwa. Gwanda la kwanza kulimaliza lilikuwa la binti yangu, nikalificha chini ya meza. Daftari sikulifunga. Nani angeweza kulifunga wakati ule? Lile jaribio ambalo hakuna mwenye akili angelifanya lilikuwa likiendelea mbele ya macho yangu, na kila jioni mtu wa kunisimulia aliingia mlangoni kwangu akivua viatu.

"Leo wametucheka," aliniambia siku ya kwanza. "Mchukuzi mmoja ameniuliza kama tumekuja kuwapima presha."

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Nikamwambia yake iko juu, apunguze maneno. Wakacheka tena. Lakini mama, nilijiona uchi."

Siku ya tatu muuza vitunguu alimwomba amshikie mizani. Siku ya nne mtu asiyemjua alimuuliza saa.

"Miaka miwili nimesimama pale," alisema, akionekana kama mtu aliyeokota kitu na hajui ni cha nani. "Hakuna aliyewahi kuniuliza hata saa ngapi."

"Na ugomvi?"

"Ugomvi upo. Ila nausikia mapema. Nikiwa na ile kofia masikio yameziba, nausikia ukishakuwa mkubwa, basi naingia na rungu. Sasa nasikia mtu anapoanza kupandisha sauti, naenda nasimama karibu, naulizia bei ya viazi. Mara nyingi huishia hapo." Akavua kiatu cha pili. "Si kila mara."

Niliandika hilo neno kwa neno, na lile la si kila mara pia, kwa ajili ya mzee wa pasi.

Wiki ya pili lililetwa furushi la kutengenezwa kutoka Bustanini. Ndani yake mlikuwa na gwanda jipya, ukosi umevutwa kwa mbele, kifungo cha kwanza hakipo. Niliita karakana nzima. Katika daftari langu lote, Bustanini haijawahi kuwa na ukosi hata mmoja. Dereva aliyelileta ndiye aliyetusimulia. Kulikuwa na mzee aliyezoea kulala mchana kwenye benchi la bustani, na askari huwa wanamwamsha kwa kumgusa kiatu. Safari hii alifumbua macho akaona kofia na kioo mahali ambapo pangekuwa na uso. Alikurupuka akamkaba mwenye kofia, na askari wawili wakamlaza chini mzee wa miaka sabini. Wote watatu waliishia kuombana radhi.

Mzee wa pasi aliugeuzageuza ule ukosi.

"Sema basi," nilimchokoza. "Sema koti limeleta mvua."

"Nasema nasubiri. Wiki mbili, mzee mmoja, benchi moja. Hata wewe hungenunua cherehani kwa ushahidi huo."

Lakini hakulitoa lile gwanda mezani kwake mpaka saa ya kufunga, na mara mbili nilimwona analitazama.

Nitasema ukweli wangu. Daftari lilikuwa linasema hivi na tumbo langu linasema vile. Mchana nilikuwa na furaha ya mtu anayeona kitendawili kikiteguka. Ikifika saa kumi na moja, saa ya binti yangu kurudi, nilikuwa nikisikiliza viatu vyake nje na roho mkononi, na hapo sikutaka kujua chochote kuhusu ukosi na mabega. Nilitaka sponji, na ningeweza kumshonea godoro zima.

Alhamisi ya wiki ya tatu, saa nane mchana, mlango wa karakana ulifunguliwa akaingia yeye. Mkono wa kushoto ulikuwa umevilia damu, nywele zimejaa vumbi, shati limeachia kwapani. Mashine zote tano zilinyamaza.

Wachukuzi na watoza ushuru walikuwa wamepambana kwenye njia ya wauza nafaka. Yeye alifika mapema, akasimama katikati, akajaribu maneno. Mawe yakaanza. Kisha mtu akamkamata kwa nyuma akambwaga chini.

"Nilidhani nimekwisha," alisema. "Nimelala kiubavu kwenye magunia, vumbi machoni, sioni kitu. Nilipoinuka aliyenibwaga hayupo tena."

Mkononi alikuwa na karatasi ya taarifa. Nikaisoma: nilishambuliwa kwa nyuma na mtu asiyejulikana, nikaangushwa, sare ikachanika. Afande wa stoo alikuwa anaingoja kabla ya saa kumi. Wakubwa walikuwa wamemtaka ashauri sare gani ivaliwe na vituo vyote tisa mwaka ujao, na askari aliyebwagwa sokoni akiwa na shati ndiyo hoja aliyokuwa anaitafuta. Magwanda kwa kila mtu, pamoja na wa Bustanini na benchi lao.

Na mimi wakati huo nilikubaliana naye kwa moyo wote. Niliinama chini ya meza nikalitoa gwanda la binti yangu, likiwa limeshapigwa pasi.

"Vaa hili. Kesho hutoki na shati, hata kama watanifukuza kazi."

Alivua shati akabaki na fulana, akalichukua gwanda bila ubishi. Nami nikaliokota shati. Mikono imezoea. Nilifungua daftari, nikaandika Soko Kuu, nikaweka kalamu kwenye safu ya Shari. Kalamu ikasita.

Anayekushambulia anakuvuta umkabili, au anakusukuma. Ukosi ulikuwa mzima. Vifungo vyote vipo. Mgongoni hakuna alama ya ngumi wala mshono uliobanwa. Mpasuko ulikuwa mmoja tu, nyuma ya kwapa la kushoto, nyuzi zimelala kwenda nyuma na chini. Mtu alikuwa ameshika kitambaa gao zima akakivuta kwake. Na pale palipoishia mpasuko palikuwa na unga. Nilipolipeleka shati dirishani niliona kiganja kamili, vidole vinne na gumba, cheupe kwenye samawati.

"Walioanza kurusha mawe walikuwa wapi?" nilimuuliza.

"Mbele yangu."

"Na wabeba unga?"

"Nyuma. Wao hawakuwemo, walikuwa wanashusha magunia."

"Ulipoinuka uliona nini kimevunjika?"

Alifuta vumbi usoni akikumbuka.

"Mizani," alisema taratibu. "Ile mizani kubwa ya ukutani, nyuma ya pale niliposimama. Kioo chake kilikuwa chini, na jiwe ndani yake."

"Ilikuwa imetundikwa urefu gani?"

Aliinua mkono akauweka sawa na kichwa chake mwenyewe.

Mzee wa pasi alikuja akalichukua shati mikononi mwangu. Aliweka kiganja chake juu ya kile cha unga bila kugusa. Kilikuwa kikubwa kuliko chake.

"Huyu hakumwangusha," alisema. "Huyu amemwondoa."

Binti yangu aliketi kwenye kiti cha fundi mwenzangu, gwanda limelala mapajani. Akaanza kulia, yeye ambaye tangu avae sare sijamwona akilia. Sikumwambia anyamaze, kwa kuwa na mimi nilikuwa nimeanza.

Afande wa stoo aliingia saa tisa na nusu, mkono umetangulia.

"Taarifa iko wapi?"

"Sijaimaliza, afande," alisema binti yangu, akaigeuza karatasi upande wa pili. "Ile ya kwanza niliiandika kabla sijajua kilichonipata."

Alimwonyesha shati. Afande aliinama, akatazama kiganja, akanitazama mimi, akalitazama daftari ambalo aliniamuru nilifunge na ambalo lilikuwa wazi mezani. Kwa muda hakuna aliyejua kama atagomba.

"Aliyekuvuta unamjua?"

"Hapana. Wenye mikono ya unga pale wako zaidi ya mia. Kesho nitawapitia mmoja mmoja."

"Kuwakamata?"

"Kushukuru, afande."

Alikohoa. Akasema kwamba Bustanini wanamsumbua kila siku wakitaka mashati yao, maana watu wenye vitu vilivyopotea wameacha kuja kituoni. Hao watayapata. Soko Kuu watabaki kama walivyo miezi mitatu, barua ya wakubwa ataiandika baadaye, na hilo daftari, akasema akiwa ameshaupa mlango uso, nimpelekee kila Ijumaa.

"Miezi mitatu," alisema mzee wa pasi akirudi kwenye mvuke wake. "Hapo sasa labda tutajua kitu."

Binti yangu alilikunja gwanda vizuri, mkono juu ya mkono, akanirudishia. Sikulipokea.

"Mwanangu, usinifanyie hivi. Ungekuwa na kofia leo, jiwe lingegonga kofia. Usingehitaji mtu akuvute."

"Kweli kabisa," alisema. "Na baada ya jiwe kugonga kofia, mama, mimi ningefanya nini?"

Nilijua angefanya nini. Nilikuwa na kurasa arobaini za mabega ya Soko Kuu yaliyoachia mshono, na kati ya hayo, nisilowahi kumwambia mtu, mabega yake yeye nilikuwa nimeyashona mara tano.

Nililipokea gwanda shingo upande. Kisha nikakaa kwenye daftari. Mpasuko ule haukuwa wa Kazi wala wa Shari. Nilitafuta rula nikachora safu ya tatu, nikaandika ndani yake tarehe, na kituo, na neno kwapani, na juu yake pa jina nikaacha wazi, maana sikujua niiteje na mpaka leo sijaijua.

Shati lilihitaji mshono mmoja tu, kazi ya dakika nne. Nilipita pale nyuma ya kwapa mara moja. Nikarudi mara ya pili, kwa uzi mzito wa kushonea mikanda. Nikapita na mara ya tatu, nikavuta kwa nguvu zangu zote kuona kama mshono utaachia. Safari nyingine mtu akimshika hapo, nataka kitambaa kisimponyoke mkononi.